Waziri akishajibu swali Bungeni, nani analidai jibu lake?

MwekaHazina

Habari za jioni ndugu zangu. Mniwie radhi, andiko ni refu. Nimelipiga kwa kidole kimoja, kati ya mteja na mteja.

Mimi ni mama wa duka huku Kusini, kwenye mikorosho. Nauza sukari ya kupima, sabuni ya kipande, vocha, panadol. Tangu mwaka 2013 ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa zahanati yetu. Kamati ilikuwa ya watu saba. Wawili wametangulia mbele ya haki, mmoja kahamia Masasi kwa mwanawe, mwingine alisusa tu, hatujajua kwa nini hadi leo. Daftari linakaa kwangu chini ya kisanduku cha hela, kwa hiyo nimejitwika mimi kuandika.

Mwaka ule vitongoji vyetu vitatu vilikaa mkutano chini ya mwembe. Tukakubaliana kila kaya itoe tofali hamsini, mawe na mchanga kwa zamu, na wakulima wakatwe shilingi 20 kwa kila kilo ya korosho inayopita chama cha msingi. Kwa misimu miwili zikapatikana shilingi 6,340,000. Zote zimo daftarini, hata za yule bibi aliyetoa kuku badala ya hela (kuku aliuzwa 7,000, nimeandika). Ukuta ukapanda hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Hela ikaishia hapo.

Leo nondo zimechomoza juu, zimeliwa na kutu. Mbuzi wa jirani wanalala kwenye chumba tulichokusudia kiwe cha kujifungulia. Kwenye dirisha la chumba cha dawa umeota mpapai, na unazaa.

Sasa niwaambie ya Bungeni.

Mara ya kwanza ilikuwa 2017. Mbunge wetu wa wakati huo aliuliza ni lini Serikali itakamilisha zahanati yetu, akataja kijiji kwa jina. Sisi hatukuona kitu, maana mwaka mmoja nyuma TBC walikuwa wamesitisha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja. Tulipigiwa simu kutoka mjini: mmetajwa! Watu walikuja dukani kama vile kuna harusi. Baadaye mwanangu akaniletea karatasi za Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, nikasoma mwenyewe. Naibu Waziri alianza kwa kutambua na kuthamini nguvu za wananchi, akasema halmashauri imeelekezwa itenge fedha kwenye bajeti inayofuata, kulingana na upatikanaji wa fedha.

Mara ya pili 2021, mbunge mwingine. Tukatambuliwa na kuthaminiwa tena. Jibu likasema boma, yaani jengo letu ambalo halijaisha, limefikia hatua ya kupaua na Serikali inaendelea kutafuta fedha. Nikatoka nikaenda kulitazama boma, pengine limepanda usiku.

Mbunge akauliza la nyongeza: je, Naibu Waziri yupo tayari kuongozana naye akajionee? Yupo tayari, akasema, mara baada ya Bunge kuahirishwa. Basi tukafagia. Mbuzi tuliwafukuza, nyasi tukafyeka kuanzia barabarani, kina mama wakachagua jogoo wa kuchinja. Bunge liliahirishwa mwisho wa Juni. Jogoo yule tulimla Idi.

Mara ya tatu 2024. Safari hii kijiji kitaingizwa kwenye mpango kwa awamu. Awamu ya ngapi, haikutajwa.

Mnaojua mambo haya nisaidieni. Jibu la Waziri Bungeni ni deni, au ni salamu? Ipo ofisi yoyote inayoyaandika majibu haya pembeni na kuyadai kama mimi ninavyowadai wanaokopa sukari? Na mwananchi wa kawaida, asiye mbunge wala diwani, anaanzia wapi?

Jimbo sitalitaja. Sitaki ionekane namsema mtu. Nadai boma.

---

KigogoChaMwembe

Mama, pole, lakini umejichosha bure. Maswali yale ni ya klipu. Mbunge anasimama, anasoma mistari miwili, jioni video imeshaingia kwenye makundi yote ya WhatsApp ya jimbo: "Mbunge wetu aibana Serikali." Waziri anajua, Spika anajua, na mbunge mwenyewe anajua. Hasikii mtu uchungu. Halafu Bunge lililotoka kwenye uchaguzi wa 2020 lilikuwa karibu lote la chama kimoja, nani angemkaba nani pale?

Kusanyeni hela pauweni wenyewe. Mtasubiri awamu mpaka mpapai uwe msitu.

---

MwekaHazina

Mwanangu, kupaua peke yake fundi amesema milioni kumi na nne kabla ya milango na sakafu. Korosho zenyewe msimu uliopita nusu zilianguka kwa ukungu. Na hata tukipaua, muuguzi na dawa tutakusanya pia?

Kwamba wanajua, nimekuelewa. Mimi nimeuliza nani anadai.

---

MstaafuWaFaili

Dada Mweka Hazina, nimelisoma andiko lako mara mbili, na la pili nililisoma kwa aibu kidogo. Nilikaa wizarani (sitaitaja, nami nina pensheni) kwenye dawati linaloshughulikia mambo ya Bunge. Yale maneno ya "kutambua na kuthamini" nimeyaandika kwa mkono wangu huu mara nisizoweza kuhesabu. Yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta. Unabadilisha jina la mbunge na la jimbo, basi.

Nikueleze jibu linavyopikwa, kwa sababu ukijua jiko utajua chumvi imezidia wapi.

Swali linaletwa wizarani kutoka Ofisi ya Bunge, na tarehe ya kulijibu imekaribia. Ofisa aliye Dodoma hajawahi kufika kijijini kwenu na hatafika. Anapiga simu halmashauri: tunaomba hali halisi, mwisho saa kumi leo. Mkurugenzi anamtupia mganga mkuu wa wilaya, naye anamtupia kijana wa takwimu. Kijana anafungua taarifa ya robo mwaka, anatafuta jina la kijiji, anachomoa mistari mitatu, anaituma. Sisi tunaivalisha: juu tunaweka shukrani kwa wananchi, chini tunaweka upatikanaji wa fedha. Linapanda kwa mkurugenzi wa idara, kwa Katibu Mkuu, kwa Naibu Waziri. Kila mmoja anasahihisha Kiswahili. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza kama ukuta upo.

Kisha tunamwandalia majibu tarajiwa ya maswali ya nyongeza. La "uko tayari kuongozana nami" lilikuwa namba moja siku zote, na jibu lake ndilo lilikuwa jepesi kuliko yote, maana halina kasma, yaani fungu la bajeti. Samahani kwa jogoo.

Sasa swali lako, deni au salamu. Kwenye karatasi ni deni. Katiba yetu, ibara ya 63, inasema Bunge ndicho chombo cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na nyenzo ya kwanza kutajwa hapo ni hii hii: kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kanuni za Kudumu za Bunge nazo zinamtaka Waziri alijibu swali kwa ukamilifu na kama alivyoulizwa. Nimewahi kuona Kiti, yaani anayeongoza kikao, kikikataa jibu na kuagiza likaandaliwe upya, na siku hiyo wizara nzima haikula chakula cha mchana.

Tatizo liko kwenye kitabu chetu cha kumbukumbu. Swali lina namba, tarehe, na safu ya mwisho iliyoandikwa "hali". Waziri akishakaa chini, tunajaza "limejibiwa", limefungwa. Safu ya "limetekelezwa" hatukuwa nayo. Tulichokuwa tunakihesabu ni maswali. Ahadi hazikuwa na mhesabu. Kwa hiyo wewe mwaka 2021 hukuendelea na swali la 2017, ulianza upya, na ofisa aliyeliandaa la 2021 huenda hakujua kama la 2017 liliwahi kuwepo.

Kigogo, la Bunge la chama kimoja nakubaliana nawe nusu. Februari 2008 Bunge lilikuwa na wana-CCM wengi mno, na bado ripoti ya kamati teule ya Dk. Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilisomwa mle ndani na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Kilichobadilisha mambo siku ile ni kwamba kamati ilikuja na nyaraka. Swali la "ni lini" halina nyaraka, linakwepeka kwa neno moja.

Dada, nina maswali mawili. Hilo neno "hatua ya kupaua" la mwaka 2021 halikuzuka Dodoma. Sisi tulikuwa wavivu, ila hatukuwa watunzi. Kuna karatasi halmashauri imeandikwa hivyo. Itafute. Na la pili: boma lilianza 2013, je, kijiji chenu kiliandikishwa mwaka gani?

---

MwekaHazina

Shikamoo mzee wangu. Kijiji kilipata cheti 2014, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Kabla ya hapo tulikuwa vitongoji vya kijiji mama, ng'ambo ya mto. Wao zahanati wanayo tangu enzi za Mwalimu. Ndiyo sababu hasa tulianza yetu: masika mto hauvukiki. Mkamwana wangu alijifungulia njiani 2019, chini ya mkorosho, tochi ya simu ameshika dereva wa bodaboda. Mtoto mzima, anasoma. Kwa nini unauliza mwaka?

---

MstaafuWaFaili

Marahaba. Nina hisia tu, sitaki kukupa moyo bure. Kila zilipopatikana fedha za kumalizia maboma, yale mafungu ya milioni 50 kwa boma moja, halmashauri ilitakiwa kuleta orodha. Kilichokuwa nje ya orodha, hata kitajwe Bungeni mara kumi, hakina hela. Nenda kaione orodha. Tazama mmeandikwa kwa jina gani.

---

MwanafunziPune

Shikamooni. Niko India masomoni, mwaka wa tatu wa sheria, na mada hii imenigusa kwa sababu muhula huu tumefundishwa jambo ambalo nilitamani mbunge wa kwetu alisikie.

Bunge la chini la hapa, Lok Sabha, lina Kamati ya Ahadi za Serikali tangu mwaka 1953. Kazi yake ni kusoma majibu ya mawaziri na kuchomoa kila ahadi. Na wameandika orodha ya maneno. Waziri akitamka kwamba jambo linafikiriwa, au atalifuatilia, au taarifa zinakusanywa, maneno hayo yenyewe yanahesabika kuwa ahadi, na kwa kawaida anapewa miezi mitatu aitekeleze. Akishindwa anaomba aongezewe muda, kwa barua, na sababu.

Nilipoisoma ile orodha nilicheka peke yangu maktaba. Fikiria kwetu "Serikali itaendelea kutafuta fedha" iwe deni la siku tisini.

Nisiwadanganye, hapa pia ahadi nyingi zinachelewa na nyingine mawaziri wanaomba zifutwe. Lakini zimeandikwa mahali, zina tarehe, na kamati inachapisha ripoti zake. Uganda nao wana kamati ya namna hii bungeni kwao, kwa hiyo si jambo la mbali.

---

MtaitaHalisi

Hamjambo majirani. Huku Kenya tulipita njia nyingine, na sidhani kama tuliwashinda.

Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni kabisa. Waziri si mbunge. Kwa hiyo kuanzia 2013 ukitaka jibu, mbunge anapeleka swali kwenye kamati, kamati inamwita Waziri chini ya kifungu cha 153, Waziri anafika akitaka, asipotaka anatuma Katibu. Mjumbe anauliza habari za maji Voi, jibu linasomwa chumbani na watu kumi na wawili. Mwananchi anajuaje? Ndipo mwaka 2023, baada ya kubadilisha kanuni, mawaziri wakaanza kuja mbele ya Bunge zima kujibu.

Sasa tunawaona kwa runinga, na hiyo ni tofauti kubwa, siwezi kukataa. Waziri akibabaika, kijiji chote kinaona jasho. Pia tuna Kamati ya Utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio na ahadi za Serikali. Jina zuri. Barabara ya kwetu ingali vumbi.

Ila mama, kitu kimoja ninachokuonea wivu: daftari. Huku mtu akienda kulalamika huenda na hasira tu. Sisi raia tunaruhusiwa kupeleka ombi bungeni moja kwa moja, kifungu cha 119, bila kumpitia mbunge. Nimewahi kusaidia kuandika mawili. Lililosikizwa ni lile lililokuwa na tarehe na hesabu.

---

DiwaniWaZamani

Mnazunguka sana Dodoma. Nilikuwa diwani miaka kumi, niwaambie palipo na hela. Jibu la 2017 lilisema halmashauri imeelekezwa itenge. Kwa hiyo mpira ulikuwa umesharudi wilayani, na huko ndiko ulikopotelea. Halmashauri ina mapato ya ndani, na sehemu yake ni lazima iende kwenye maendeleo. Mama, kamwulize diwani wako swali moja: kwenye bajeti ya 2018/2019 na zote zilizofuata, boma letu lilitengewa shilingi ngapi, na zilitoka ngapi? Kutengewa na kutoka ni vitu viwili. Mimi nimepitisha bajeti zenye madaraja ambayo hayajawahi kuonekana na jicho la binadamu.

Akikuzungusha, andika barua mwenyewe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Barua iwe fupi. Usilalamike ndani yake, usieleze historia ya mto wala mkamwana. Omba karatasi tatu kwa majina yake: orodha ya maboma ya zahanati, bajeti, na taarifa ya utekelezaji. Ipeleke masijala kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Bila muhuri hujapeleka kitu.

---

KigogoChaMwembe

Siku 30. Haya, tutaonana hapa siku ya 31.

---

MwekaHazina

Wapendwa, nimerudi. Kigogo, siku ya 31 ilipita, ilikuwa ya 34.

Barua niliipeleka mwenyewe. Nauli kwenda na kurudi 16,000, duka nilimwachia mjukuu. Binti wa masijala aliisoma, akaniuliza: mama, umetumwa na nani? Nikamwambia nimetumwa na tofali. Akacheka, akagonga muhuri.

Wiki mbili kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa faili liko kwa bosi. Nikapiga tena, bosi yuko semina. Wiki ya tano akanipigia kijana mmoja wa idara, mpole sana, akasema mama njoo, nadhani tumeona kitu, afadhali ukione kwa macho.

Alikuwa ameifungua orodha kwenye kompyuta. Kijiji chetu hakimo. Akashuka kwenye kijiji mama, na hapo pameandikwa: zahanati, ipo, inafanya kazi. Chini yake: boma, hatua ya kupaua.

Nikamwambia mwanangu, boma hili si letu, letu liko kwenye linta. Akapekua faili la karatasi, lile la zamani lenye vumbi, akatoa picha. Picha ya nyumba ya mtumishi! Nyumba ya muuguzi wa kijiji mama, iliyokuwa inasubiri mabati mwaka 2020. Siku nyingi imeshaezekwa, muuguzi anaishi humo na ana kuku.

Mzee wangu Mstaafu, ulinusa. Tangu 2014 sisi tuna cheti, tuna mtendaji, tuna muhuri wetu, lakini kwenye orodha ya maboma hatujazaliwa. Kila Bunge lilipouliza habari za ukuta wetu, halmashauri ilikuwa inajibu habari za nyumba ya muuguzi wa watu wengine. Na kila aliyeitazama orodha aliona kijiji chenye zahanati tayari, akatupeleka nyuma ya foleni. Ndiyo ile "awamu".

Nilikaa kwenye benchi la nje nikacheka mpaka mlinzi akaniletea maji. Kisha nikalia kidogo.

Habari za bajeti: 2018/2019 tulitengewa milioni 10, kwa jina la kijiji mama. Zilizotoka, sifuri. Nimepewa nakala.

Yule kijana hakuwa na makosa, ameajiriwa juzi. Aliniambia kubadilisha orodha hawezi peke yake. Kinatakiwa kiandikwe kijiji chetu kwa namba yake ya usajili, mhandisi aje apime boma, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uambatanishwe, ipite kamati ya maendeleo ya kata. Mkutano tumefanya Jumamosi. Walikuja watu 143, na ilikuwa siku ya mnada wa mbuzi, kwa hiyo mjue. Diwani amebeba muhtasari.

Katibu wa mbunge nimemtumia picha ya ukurasa wa orodha na picha ya boma letu na mpapai wake. Alikuwa anataka kuandika tena "ni lini". Nimemkatalia. Nimemwambia aulize hivi: kwa nini boma la kijiji chenye namba hii ya usajili halimo kwenye orodha, na lile jibu la 2021 la hatua ya kupaua lilihusu jengo gani? Akanyamaza kidogo kwenye simu. Akasema mama, hilo litakuwa swali gumu. Nikamwambia ndilo hilo.

---

MstaafuWaFaili

Nimesoma nikiwa nimesimama. Nyumba ya mtumishi! Na mimi sijui nimejibia nyumba ngapi za watumishi katika maisha yangu.

Mwambie katibu aambatanishe tarehe ya kikao na namba ya swali la 2021. Jibu likitajwa kwa tarehe yake, wizara inalazimika kulitafuta, na atakayelitafuta atakutana na la 2017 njiani. Na wewe, daftari lako lile la michango lisitoke hapo dukani. Piga nakala, ndiyo uwape.

---

KigogoChaMwembe

Nimekubali yaishe. Mhandisi akija kupima leta picha hapa. Na huo mpapai mtaukata?

---

MwekaHazina

Mpapai tutaukata siku ya kupaua, si kabla. Una mapapai tisa, mawili yamewiva.

Mzee, nakala nimeshapiga, kurasa 14, shilingi 200 kila ukurasa, 2,800. Nimeandika daftarini.